Chembe za nano katika tiba ya saratani kwa mionzi

Kuanzia mwaka 1922, mawe ya urani ya Shinkolobwe, Katanga, yalisafishwa huko Olen, Ubelgiji, ili kupata rediamu, nayo ikatumiwa katika hospitali za Ulaya kuunguzia saratani. Tatizo lililowasumbua waganga wa siku zile lingaliko: mionzi haichagui. Huua seli za uvimbe, na njiani huumiza seli nzima. Ndiyo maana kipimo cha mionzi hukomea pale kiungo jirani kinapoanza kushindwa kustahimili, hata kama uvimbe haujafa. Ubongoni mpaka huo u karibu mno.

Chembe za nano zilibuniwa kwa ajili ya taabu hiyo. (Neno nano asili yake ni Kigiriki, maana yake kijeba, nanomita milioni 1 hufanya milimita 1.) Mfano bora ni zile ziitwazo AGuIX, kutoka Lyon, Ufaransa: chembe za polisiloksani zenye upana wa nanomita zipatazo 4, zilizobeba metali iitwayo gadolini. Mishipa ya damu ya uvimbe hukua kwa pupa, kuta zake zikabaki na nyufa; chembe hupenya humo na kukawia, ilhali zilizosalia katika damu huchujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Tena gadolini huonekana vizuri katika picha za IRM. Hivyo mganga hujua uvimbe ulipo na mahali chembe zilipofika.

Kazi ya pili huanza mionzi iwashwapo. Mwili kwa sehemu kubwa ni hidrojeni, kaboni na oksijeni, yaani atomu nyepesi. Atomu ya oksijeni ina protoni 8, ya gadolini 64. Atomu nzito hunasa eksirei kwa wepesi zaidi, kisha hutoa elektroni ziendazo umbali mfupi tu. Madhara huongezeka pale pale chembe zilipo. Katika jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2004, panya wenye uvimbe walidungwa chembe za dhahabu kabla ya kumulikwa: baada ya mwaka mmoja asilimia 86 walikuwa hai. Waliomulikwa bila dhahabu, asilimia 20.

Lakini panya si mtu, na mashine nazo si moja. Panya wale walimulikwa kwa eksirei za volti 250,000; mashine nyingi za hospitali hutumia volti milioni kadhaa, na katika nguvu hiyo atomu nzito hupoteza sehemu kubwa ya faida yake. Huko Grenoble, AGuIX zilijaribiwa kwa wagonjwa 15 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa hadi ubongoni. Chembe zilionekana ndani ya vivimbe, hata wiki 1 baadaye, na wagonjwa waliivumilia dawa. Jaribio la namna hiyo hupima usalama. Halithibitishi kwamba mgonjwa ataishi zaidi.

Chembe za oksidi ya hafni, zinazodungwa katika uvimbe wenyewe, zimetangulia. Matokeo ya mwaka 2019 kwa wagonjwa wa sakoma waliopasuliwa baada ya mionzi yalionyesha kuwa uvimbe ulikutwa umekufa karibu wote kwa asilimia 16 ya waliodungwa, na kwa asilimia 8 ya wasiodungwa. Faida ni maradufu. Hata hivyo, kwa wagonjwa 84 katika kila 100 waliodungwa, lengo hilo halikufikiwa.