Kinyama Kinapofika Maabara: Kazi ya Mwanapatholojia wa Magonjwa ya Wanawake

Mwanapatholojia wa magonjwa ya wanawake ni daktari anayetambua maradhi kwa kuchunguza vinyama na seli zilizotolewa kwenye mlango wa kizazi, mji wa mimba, mirija ya uzazi na ovari. Mgonjwa ni nadra kumwona, lakini daktari wa upasuaji na yule wa saratani husubiri majibu yake kabla ya kuamua tiba.

Kinyama huletwa maabara kikiwa ndani ya formalini ili kisioze. Hukaushwa maji, hugandishwa kwenye nta, kisha hukatwa utando wa takriban sehemu 4 za elfu za milimita. Rangi ya hematoksilini huvipa viini vya seli ubuluu, na eosini huipa sehemu iliyobaki uwaridi. Katika hadubini, swali zito ni moja: je, seli zilizoharibika zimekwishapenya tabaka la chini? Kama bado, upasuaji mdogo huweza kutosha. Zikipenya, hiyo ni saratani. Mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo lake huota vilengelenge kama zabibu, nayo huthibitishwa kwa hadubini.

Carl Ruge na Johann Veit wa Berlin ndio waliosisitiza, katika miaka ya 1870, kwamba kinyama cha mlango wa kizazi kipimwe kwanza kabla ya kuamua tiba. George Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi New York, akaonyesha kuwa hata seli zinazobanduka zenyewe huweza kufichua saratani. Alipolitangaza jambo hilo mwaka 1928 wachache walimjali. Makala aliyoandika na Herbert Traut mwaka 1941 ndiyo iliyowageuza madaktari. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake walitambua kirusi cha papiloma ya binadamu (HPV) aina ya 16 katika uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi, na njia ya kuelekea chanjo ikafunguka. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019.

Ili kuchunguza dalili za awali za saratani hiyo, kliniki nyingi za Afrika Mashariki hupaka mlango wa kizazi asidi ya siki, na majibu hupatikana papo hapo. Ni njia nzuri pale wanapatholojia walipo wachache, ila haiwaondolei kazi: penye dalili za saratani, kinyama lazima kikatwe.

Kwenye saratani ya ovari, taaluma hii ilitafuta chanzo mahali kisipokuwepo kwa miaka mingi. Wanawake wenye kasoro za jeni za BRCA, zinazoongeza hatari ya saratani hiyo, walipoondolewa ovari na mirija kama kinga, na mirija hiyo ikakatwakatwa yote badala ya kuchukuliwa kipande kimoja tu kama ilivyozoeleka, saratani changa zilionekana kwenye ncha yenye vidole iliyo jirani na ovari. Sasa inakubalika kwamba sehemu kubwa ya aina kali na ya kawaida zaidi ya saratani hiyo huanzia kwenye mrija. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wapasuaji humshauri mwanamke asiyetaka tena kuzaa, anapofanyiwa upasuaji mwingine wa tumbo, aondolewe mirija na kubakiziwa ovari zake.