Usiku Usiokucha: Matumizi ya Steroidi na Tatizo la Kukosa Usingizi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usiku wa deni haukawii kucha. Mgonjwa anayetumia dawa za steroidi hupambana na usiku wa namna nyingine, ule unaokawia. Hujilaza mwili ukiwa umechoka hoi, lakini macho hayafumbi. Husikia mbwa wakibweka, kisha jogoo wa kwanza, kisha adhana au kengele ya kanisa. Baada ya kukesha kwa majuma mawili, baadhi ya wagonjwa huamua kuiacha dawa. Uamuzi huo, ijapokuwa unaeleweka, unaweza kumgharimu mtu maisha yake. Makala haya yanadhamiria kueleza ni kwa nini steroidi hufukuza usingizi, na ni hatua zipi zinazoweza kuchukuliwa bila kuhatarisha tiba. Hoja kuu ni kwamba, mara nyingi, hatua ya kwanza si kutafuta kidonge cha usingizi bali ni kuuliza saa ya kumeza dawa yenyewe.

Steroidi ni nini?

Neno steroidi huwakumbusha wengi wanamichezo waliopigwa marufuku kwa kutumia dawa za kutunisha misuli. Hizo ni za kundi jingine. Zinazorejelewa hapa ni kotikosteroidi, mathalani prednisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni. Dawa hizi hufanya kazi mithili ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Hutuliza uvimbe na kuipunguza makali kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe. Ndiyo maana hutolewa kwa wagonjwa wa pumu, baridi yabisi, lupasi na baadhi ya maradhi ya figo na ya ngozi, na pia huambatanishwa na tiba ya saratani.

Manufaa yake si haba. Mnamo Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo nchini Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi alidungwa kotisoni na kupata nafuu kubwa katika siku chache tu. Mwaka wa 1950, Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa utafiti wao kuhusu homoni za tezi hizo. Mwaka wa 2020, utafiti uliofanywa Uingereza ulidhihirisha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa takriban thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa wakipumua kwa msaada wa mashine.

Mapambazuko ya uongo

Kwa kawaida, kotisoli hupanda na kushuka kwa mpango maalumu. Huanza kupanda katika saa za mwisho za usiku, hufikia kilele karibu na wakati wa kuamka, kisha hupungua mchana kutwa hadi kufikia kiwango cha chini kabisa mnamo saa sita usiku. Saa ya Waswahili, ambayo huhesabu mchana tangu mapambazuko, yaelekea kuafikiana na mpango huu. Kotisoli ni kama mbiu ya alfajiri: huuamuru mwili uongeze sukari katika damu na uwe tayari kwa kazi.

Kidonge cha steroidi kinapomezwa jioni, mbiu hiyo hulia usiku, na mwili husadiki kwamba kumekucha. Nguvu ya prednisoloni mwilini hudumu kwa saa 12 hadi 36, na ya deksamethasoni hudumu zaidi ya hapo. Fauka ya hayo, dawa hizi huweza kupandisha sukari ya damu, jambo linalomfanya mgonjwa aamke mara kwa mara kwenda haja ndogo. Huleta pia njaa isiyo ya kawaida, kiungulia na mawazo yanayokimbizana kichwani.

Kiasi cha dawa nacho kina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1972 kuhusu wagonjwa waliolazwa hospitalini mjini Boston, Marekani, ulionyesha kwamba athari kali za kiakili ziliwapata asilimia 1.3 ya waliotumia miligramu 40 za prednisoni au chini yake kwa siku. Kwa waliotumia zaidi ya miligramu 80, kiwango kilikuwa asilimia 18.4. Ni dhahiri, basi, kwamba anayekesha kwa sababu ya dawa hizi si mwoga wala hakurogwa.

Mtego wa neno "kutwa"

Hapa ndipo suala la tiba linapokutana na suala la lugha. Katika bahasha za dawa huandikwa "kutwa mara mbili". Kwa asili, kutwa ni muda wa mchana, tangu jua linapochomoza hadi linapokuchwa. Ndiyo maana husemwa mchana kutwa na usiku kucha, na ndiyo maana shule ya kutwa ni ile ambayo wanafunzi hurejea nyumbani jioni. Katika lugha ya bahasha, hata hivyo, neno hili limepanuka na kuwa siku nzima ya saa 24. Hivyo, mgonjwa humeza kidonge kimoja asubuhi na kingine usiku, jinsi alivyozoea kumeza dawa nyinginezo. Kwa anayetumia steroidi, maana ya asili ya neno hilo huenda ikamfaa zaidi: dozi zote ziwe mchana.

Maagizo ya "kutwa mara moja" nayo hayataji saa yoyote. Hata panapotajwa saa, utata haukosi. "Saa 8" iliyoandikwa kwa haraka yaweza kusomwa kuwa saa nane mchana, ilhali aliyeandika alikusudia saa mbili asubuhi. Inafaa mgonjwa amwombe mfamasia aandike kwa maneno kamili: "saa mbili asubuhi, baada ya chakula".

Mbinu za kukabiliana na hali hii

Kwanza, saa ya dawa. Aghalabu, mwenye dozi moja kwa siku hushauriwa kuimeza asubuhi baada ya kustaftahi. Mwenye dozi mbili hushauriwa kumeza ya pili kabla ya saa nane mchana. Hata hivyo, zipo tembe zilizotengenezwa makusudi zimezwe wakati wa kulala, na yapo maradhi yanayohitaji mpango tofauti. Kwa hivyo saa isibadilishwe kabla ya daktari au mfamasia kuulizwa.

Pili, vichangamshi. Takriban saa tano baada ya kunywa chai au kahawa, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Kikombe cha mwisho na kiwe cha adhuhuri. Miraa nayo huchangamsha ubongo, hivyo haimfai mtu anayeusaka usingizi.

Tatu, mwanga na ratiba. Mgonjwa aamke saa ile ile kila siku hata kama amekesha, aote jua la asubuhi, na asilale mchana kwa zaidi ya nusu saa. Usiku, taa kali na simu viwekwe kando.

Nne, kitanda. Usingizi usipokuja baada ya dakika 20 hivi, ni heri kuinuka, kuketi mahali penye mwanga hafifu na kufanya jambo tulivu, kisha kurejea kitandani kope zinapolemea.

Tano, dawa za usingizi na pombe. Baadhi ya dawa hizo huzoesha mwili hadi mtu ashindwe kulala bila hizo. Pombe nayo huleta usingizi wa mang'amung'amu na kulichokoza tumbo ambalo tayari limo hatarini.

Tahadhari

Aliyetumia steroidi kwa zaidi ya majuma matatu hivi asiziache ghafla. Katika muda huo, tezi za adrenali huenda zimepunguza kazi yake kwa kuwa dawa imezishikia zamu. Kwa maneno mengine, mgonjwa yu macho, lakini tezi zake zimelala. Dawa ikikatizwa ghafla, anaweza kupatwa na uchovu mkubwa, kutapika, kizunguzungu na kushuka kwa shinikizo la damu, hata kufa. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi wa daktari.

Hali kadhalika, familia iwe macho. Mgonjwa akikesha siku kadhaa mfululizo huku akisema kwa kasi isiyo yake, akiona au kusikia yasiyokuwapo, au akitaja kujiua, apelekwe hospitalini mara moja. Si majini, wala si ukaidi. Ni athari ya dawa, na inatibika.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba usingizi unaopotea kwa sababu ya steroidi una chanzo kinachojulikana, na kwamba mara nyingi hali hii hupungua dozi inapoteremshwa. Mgonjwa hapaswi kuchagua baina ya dawa na usingizi. Anachopaswa kufanya ni kuuliza swali moja kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa: "Nimeze saa ngapi?" Na anayetoa dawa ana wajibu wa kulijibu kwa lugha isiyo na utata.