Je, Wajua? Kikaango Huzalisha Vitamini

Buni mbichi ya arabika inayovunwa kwenye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ina vitamini B3 kidogo sana. Kilichojaa humo ni kemikali iitwayo trigonelini. Buni ikikaangwa kwenye joto la nyuzi 200 na zaidi, sehemu ya trigonelini hupoteza kaboni moja pamoja na hidrojeni zake na kugeuka niasini, yaani B3 yenyewe. Buni iliyokaangwa hadi ikakolea weusi huwa nayo nyingi zaidi.

Seli huitumia niasini kuvuna nishati kutoka kwenye chakula.

Mkemia Hugo Weidel aliitengeneza mwaka 1873 kutokana na nikotini ya tumbaku, lakini umuhimu wake kwa afya ulibaki umejificha hadi 1937, Conrad Elvehjem wa Wisconsin, Marekani, alipoitumia kuponya mbwa wenye ugonjwa wa ulimi mweusi. Punde ikawa tiba ya pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili yanayowapata hasa watu wanaoishi kwa ugali wa mahindi bila kitoweo cha maana.

Si hadithi ya mbali. Mwaka 1990, nchini Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Msumbiji waliugua pelagra baada ya karanga, zenye niasini, kukosekana kwenye mgao wao. Huku Mbamba Bay, dagaa wa ziwani wana niasini ya kutosha kumkinga anayekula ugali.