Sifa na Thamani Zake Katika Mfumo wa Kanuni

Tangu mwezi wa Aprili 2016, Zanzibar hulipa Pencheni Jamii kwa wazee waliotimiza umri wa miaka 70. Sharti hilo la umri, likielezwa kwa mdomo, hufahamika mara moja. Likitiwa katika kompyuta huwa kanuni: ikiwa mwombaji ametimiza miaka 70, basi sharti limetimia. Lakini mashine haijui umri ni kitu gani mpaka ielezwe mambo mawili: sifa hiyo ni ya aina gani, na thamani yake huandikwaje.

Jambo hili si geni. Mfumo wa MYCIN, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1970 ili kuwashauri madaktari juu ya maambukizo ya bakteria, uligawa sifa zake katika aina tatu: zenye jibu la ndiyo au siyo; zenye thamani moja tu, kama vile jina la mgonjwa; na zinazoweza kuwa na thamani nyingi kwa pamoja, kama vile dawa zinazomdhuru.

Tukirudi kwenye umri, ni bora kutouandika kabisa. Umri hubadilika kila mwaka, ilhali tarehe ya kuzaliwa haibadiliki. Sifa inayopasa kuhifadhiwa, basi, ni tarehe, na umri ukokotolewe siku ya kuamua. Hata hivyo, tarehe nayo ina mitego yake. Maandishi 03/04/1950 kwetu sisi ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Kwa sababu hiyo kipimo cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1950-04-03.

Zito zaidi ni suala la mzee anayeujua mwaka wake tu. Mwandishi wa daftari, kwa kutaka kujaza nafasi zote, humwandikia tarehe 1 Januari, na tangu hapo dhana huonekana kuwa ni hakika. Mwingine huandikiwa 31 Disemba, naye husubiri takriban mwaka mzima zaidi ya mwenzake, ingawa wote wawili walisema neno lile lile. Kipimo tulichokitaja huruhusu kuandika 1950 peke yake. Kanuni nayo sharti iseme wazi mtu wa namna hiyo ahesabiwe vipi, badala ya kumwachia karani.

Hali kadhalika, nafasi tupu isichukuliwe kuwa ni "siyo" wala sifuri. Asiyeulizwa hajakataa.

Majina ya wilaya yachaguliwe katika orodha iliyofungwa, kwani "Chake Chake", "Chakechake" na "Chake-Chake" kwa mashine ni mahali patatu. Saa nazo ziandikwe kwa tarakimu nne: saa 2 asubuhi ni 08:00, na saa 2 usiku ni 20:00. Katika fedha, alama ya mkato inayotenga maelfu katika 20,000 hutumika katika nchi kadhaa za Ulaya kutenga desimali, hivyo ni salama zaidi kuhifadhi 20000, na alama iongezwe wakati wa kuchapisha tu.

Maelezo ya kila sifa yaandikwe kabla ya kanuni ya kwanza kutungwa, na nakala yake iwepo mezani kwa kila anayejaza fomu.