Mali ni Kuukuu, Wajibu ni Mpya

Ndugu wafanyakazi, mwisho wa mwezi wengi wetu hatuendi maduka makubwa. Tunateremka Kimisagara, wilayani Nyarugenge, jirani na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, kutafuta shati, pasi au simu iliyokwisha tumika. Nguo hizo huitwa caguwa, jina lililotokana na neno letu "chagua". Wengine wetu, mshahara usipotosha, siku ya mapumziko huwa wauzaji. Jambo hili basi linatuhusu pande zote mbili.

Kwanza, usalama. Shati lililochanika haliui mtu. Pasi yenye waya uliochubuka huua. Umeme wa Rwanda ni wa volti 230. Chombo kilichoandikwa volti 110 au 120 tu, kikichomekwa moja kwa moja, huungua na chaweza kuwasha nyumba. Muuzaji asome maandishi hayo, akiwashe chombo mbele ya mnunuzi, na aseme kila kasoro anayoijua. Kasoro iliyosemwa hupunguza bei. Iliyofichwa huvunja undugu, na yaweza kumfikisha muuzaji mbele ya sheria.

Pili, asili ya mali. Simu inayouzwa uchochoroni kwa robo ya bei huenda ina mwenyewe anayeitafuta. Si mwizi peke yake mwenye kosa. Anayepokea mali akijua kuwa ni ya wizi naye hushtakiwa. Kusema "sikuuliza" ni kinga dhaifu.

Tatu, ushuru. Julai 2016 Serikali ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili kukuza viwanda vya nchi. Baada ya hapo marobota mengine yalivushwa mpakani kwa siri. Robota la magendo likikamatwa, anayelia ni mchuuzi mdogo aliyekopa mtaji.

Tunashauri hivi: kila mauzo ya chombo cha thamani yaandikwe karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Ziandikwe tarehe, majina, bei, kasoro na sahihi. Kwa simu, bonyeza *#06#, uandike namba itakayotokea.

Ndugu, anayenunua kwetu leo ni mwenzetu wa zamu ya kesho. Tusimwuzie kitu ambacho sisi wenyewe hatuthubutu kukiwasha mbele ya watoto wetu.