Kabla ya Kulipa Ada ya Ufundi wa Magari, Pima Ahadi ya Mshahara

Matangazo ya vyuo vya ufundi wa magari aghalabu hutaja mambo mawili: muda mfupi wa masomo na mshahara mnono. Ufundi huu ni kazi ya heshima na umewalea wengi. Hata hivyo, mshahara unaotajwa kwenye tangazo si mkataba wa ajira. Tunamshauri mzazi au kijana anayekusudia kulipa ada ajiridhishe kwanza na mambo yafuatayo.

Usajili wa chuo. Nchini Tanzania, vyuo vya ufundi stadi husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Omba namba ya usajili, kisha uihakiki kwa Baraza lenyewe. Hakikisha pia kwamba fani unayoitaka, iwe ni makanika, umeme wa magari au kunyoosha bodi na kupaka rangi, inafundishwa hapo kwa idhini.

Aina ya cheti. Cheti cha kuhudhuria kozi fupi si sawa na cheti cha taifa cha ufundi stadi, ambacho hutolewa kwa ngazi ya I, II na III. Uliza kwa maandishi utahitimu na kipi kati ya hivyo.

Asili ya mshahara unaotajwa. Uliza: wahitimu wangapi wa mwaka jana wameajiriwa, wapi, na kwa kazi gani? Katika gereji nyingi za mitaani, mhitimu huanza akiwa saidia fundi, na hulipwa posho ya siku au fungu la kila kazi. Mshahara wa fundi mzoefu mwenye vifaa vyake hauwezi kuwa kipimo cha anayeanza.

Gharama kamili. Tuchukue mfano. Ada ni shilingi 600,000. Spana, ovaroli, nauli na chakula wakati wa masomo ni shilingi 480,000. Jumla ni shilingi 1,080,000. Mhitimu akipata posho ya shilingi 6,000 kwa siku 26, atapokea shilingi 156,000 kwa mwezi. Akitumia shilingi 96,000 kwa nauli na chakula, hubaki na shilingi 60,000. Atahitaji miezi 18 kurejesha alichotumia. Weka hesabu zako mwenyewe katika kielelezo hiki kabla ya kukopa au kuuza shamba.

Mazoezi kwa vitendo. Tembelea karakana siku ya masomo. Tazama kama kuna injini za kufungua, na kama wanafunzi wanaishika mashine ya kupimia mfumo wa kompyuta wa gari au wanaitazama tu.

Aliyejifunza ufundi gereji bila kupita chuoni asidhani kwamba ni lazima aanze upya. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa namna hiyo.

Mwisho, tunza nakala ya tangazo, fomu ya kujiunga na stakabadhi zote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukipotoshwa, nyaraka hizo ndizo zitakazokusemea. Chuo chenye nia njema hakitakasirika ukiuliza. Kinachokuharakisha ulipe leo leo, kiache kwanza.