Filamu hukuonyesha handaki, haikuonyeshi kinachofuata

Wikendi moja majuzi, binamu yangu mdogo ambaye ni mwanafunzi wa chuo alikuja kunitembelea. Kama kawaida yake, alileta laptopu na tukajitupa kwenye sofa kutazama tena ile series ya Kihispania, 'Money Heist'. Tulikuwa tumeshaiona mara mbili, lakini si unajua series tamu haiishi utamu.

"Bro, hawa wasee wana akili!" alisema, macho hayatoki kwenye skrini. "Hata hawaumizi mtu. Wanachukua tu pesa za serikali."

Nilicheka. Lakini kabla ya kuondoka jioni hiyo aliniuliza swali moja lililonikata kicheko. Nitakueleza baadaye. Kwanza tuzungumze kuhusu wizi wa benki wenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaujua kupitia filamu tu.

HANDAKI LA THIKA

Hatuhitaji kwenda hadi Uhispania kutafuta kisa cha kusisimua. Jumatatu, Novemba 20, 2017, wafanyakazi wa benki ya KCB tawi la Thika walifika kazini na kupata kwamba chumba cha kuhifadhi pesa kilikuwa kimeingiliwa kutoka chini. Takriban Sh50 milioni zilikuwa zimetoweka.

Wezi hawakuvunja mlango wala kufyatua risasi. Walikuwa wamekodi duka katika jengo jirani, wakawa wanachimba polepole hadi handaki likapita chini ya ardhi na kutokea ndani ya chumba hicho. Walisubiri wikendi, benki imefungwa, wakamaliza kazi.

Mitandaoni Wakenya walifanya mzaha wao. Wengine waliwasifu wachimbaji hao na kusema wapewe kandarasi ya barabara. Kicheko hakikudumu. Siku chache baadaye polisi waliwakamata washukiwa watatu na kupata sehemu ya pesa. Kilichoanza kama hadithi ya majasiri kikaishia kizimbani.

BRAZIL WALIFANYA MAKUBWA ZAIDI

Miaka 12 kabla ya Thika, kisa kinachofanana nacho kilitokea Fortaleza, mji wa pwani nchini Brazil. Genge moja lilikodi nyumba karibu na tawi la Benki Kuu na kufungua biashara ya kuuza nyasi na mimea ya kupamba ua. Majirani waliona gari likitoka na mchanga kila mara, lakini nani atashangaa mtu wa maua akibeba udongo?

Kumbe chini kulikuwa na handaki la karibu mita 80, limeegemezwa kwa mbao na lina taa na hata kifaa cha kupoza hewa. Wikendi ya Agosti 6 na 7, 2005, walitoboa sakafu ya zege yenye unene wa zaidi ya mita moja, wakabeba noti zenye uzani wa karibu tani tatu na nusu. Thamani yake ilizidi dola 65 milioni za Marekani. Kengele hazikulia.

Sasa sikiliza sehemu ambayo filamu huikata. Miezi michache baadaye, mmoja wa walioshukiwa kupanga wizi huo alitekwa nyara. Familia yake ililipa kikombozi, lakini bado aliuawa. Wengine waliandamwa na polisi kwa miaka. Ukishajulikana kwamba umeiba mamilioni, anayekutafuta si polisi pekee. Majambazi wenzako nao wanakuja, na huwezi kupiga ripoti popote.

KUTOKA MLANGONI HADI KWENYE SEFU

Baada ya visa kama hivi benki hazikulala. Siku nyingine ukiingia benki, tazama kwa makini. Mambo mengi yanayokuudhi pale yana sababu.

Mlinzi wa mlangoni anakupitishia kile kifaa cha kutambua chuma na kukuambia uvue kofia na miwani ya jua. Wala si kwamba anachukia mtindo wako. Kamera ya CCTV iliyo juu ya mlango inataka uso wako wote, kwa sababu picha ya kofia haimsaidii mpelelezi. Ndiyo maana pia hutakiwi kupiga simu ukiwa kwenye foleni. Majambazi wengi humtuma mtu aketi ndani, aangalie ni nani anatoa pesa nyingi, kisha awapigie wenzake walio nje.

Baadhi ya matawi yana milango miwili inayofuatana. Wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Mwizi akitaka kutoroka mbio, anaweza kujikuta amefungiwa katikati kama panya kwenye mtego.

Ukifika kwa keshia utakuta kioo kizito. Usidhani pale kwenye droo pana mamilioni. Keshia huwekewa kiwango cha pesa anachoruhusiwa kuwa nacho, na kikizidi, ziada hupelekwa ndani. Hii ndiyo sababu ukitaka kutoa pesa nyingi unaambiwa usubiri au utoe taarifa mapema. Na chini ya meza, mahali usipoona, kuna kitufe. Keshia akikibonyeza, hakuna king'ora kitakacholia pale ndani, lakini walinzi na polisi watapata habari.

Wafanyakazi wa benki pia hufunzwa wasipigane na jambazi mwenye bunduki. Wampe anachotaka, wamkumbuke sura, sauti na mavazi, aondoke. Pesa zinaweza kulipwa na bima, lakini maisha ya mtu hayana bima ya kuyarejesha.

Huko nyuma kabisa ndiko kuna chumba chenye sefu. Kinalindwa kwa mbinu tatu kuu.

Ya kwanza ni kugawa funguo. Hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake. Huyu ana ufunguo, yule ana nambari ya siri. Hata ukimteka meneja nyumbani kwake, umepata nusu tu.

Ya pili ni saa. Baadhi ya sefu haziwezi kufunguliwa usiku wala wikendi, hata kwa ufunguo halali. Nyingine ukiweka nambari ya siri hukaa dakika kadhaa kabla ya kufunguka. Kwa mteja hizo ni dakika chache, lakini kwa jambazi ni kama mwaka mzima, maana kila sekunde polisi wanakaribia.

Ya tatu ni vifaa vya kusikia mtikisiko. Hubandikwa kwenye kuta na sakafu, na mtu akianza kutoboa au kupiga nyundo, kengele inalia mbali. Hii ndiyo dawa ya mahandaki, mradi kifaa kinafanya kazi na kuna mtu anayeitikia kengele hiyo.

Katika nchi kama Marekani kuna mbinu nyingine ambayo imetumika tangu miaka ya 1960. Keshia humpa mwizi bunda la noti ambalo ndani yake kuna wino. Mwizi akivuka mlango, bunda linalipuka na kumwaga rangi nyekundu juu ya pesa na nguo zake. Sasa nenda ununue soda na noti nyekundu, tuone.

WIZI WA BUNDUKI UNAPUNGUA

Mbinu hizi zimefanya kazi. Nchini Uingereza visa vya wizi wa benki vilikuwa 847 mwaka wa 1992. Kufikia 2011 vilikuwa 66 pekee. Denmark ilikuwa na visa 221 mwaka wa 2000, lakini mwaka wa 2022 haikuwa na hata kimoja. Mbali na ulinzi, sababu kubwa kule ni kwamba watu wameacha kutumia pesa taslimu, na matawi mengi hayaweki noti kabisa. Mwizi ataingia kuiba nini, kalamu?

Lakini Waswahili walisema, siku za mwizi ni arobaini. Hawakusema mwizi ataacha kuiba. Mlango mmoja ukifungwa, anatafuta mwingine.

Mlango wa kwanza ni barabarani. Pesa zikitoka kwenye sefu kupelekwa kwenye ATM, ulinzi wa kuta unabaki nyuma. Septemba 2019 hapa Nairobi, watu waliovalia sare za polisi walitoroka na Sh72 milioni zilizokuwa zikisafirishwa kupelekwa kwenye mashine za ATM. Tazama vizuri: hawakushindana na kufuli. Walitumia imani ambayo watu wanayo kwa sare.

Mlango wa pili ni kompyuta. Februari 2016 wezi walioingia katika mitambo ya Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka kwa akaunti ya benki hiyo kule New York. Maagizo mengi yalizuiwa. Dola 20 milioni zilizokuwa zikienda Sri Lanka zilikwama baada ya wezi kukosea tahajia ya neno moja la Kiingereza. Hata hivyo, dola 81 milioni zilifika Ufilipino na kupotelea kwenye kasino. Hakuna aliyevaa barakoa wala kushika bunduki.

Na mlango wa tatu, ndugu yangu, ni wewe.

SWALI LA BINAMU YANGU

Sasa turudi kwa yule kijana. Alipokuwa akivaa viatu aende, alisema kwa sauti ya chini, "Kuna msee wa hosteli anataka nimsaidie. Ati kuna Sh80,000 zinaingia, akaunti yake iko na shida. Zipitie kwangu, nitoe, nimpe. Mimi nabaki na Sh5,000. Hiyo ni mbaya?"

Nilimwambia avue viatu, arudi aketi.

Pesa zilizoibwa, ziwe za benki, za M-Pesa au za mama mboga aliyedanganywa kwa simu, lazima zitoke mahali fulani. Mwizi hawezi kuzipitisha kwa jina lake kwa sababu kila hatua inaacha alama. Kwa hivyo anatafuta punda, mtu mwenye akaunti safi na shida ya pesa. Wanafunzi ndio hutafutwa sana. Kitambulisho kipya, akaunti haina historia mbaya, na njaa ya mwisho wa semista unaijua.

Mwenye kuiba atatupa laini na kuhama hosteli. Rekodi ya benki itabaki na jina moja tu, lako.

Na sheria haina huruma hapa. Wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Sheria ya Adhabu ya Kenya una adhabu ya kifo. Ndiyo, hata kama hukumuua mtu. Inatosha kwamba mlikuwa na silaha hatari, au mlikuwa zaidi ya mmoja, au mtu alijeruhiwa. Lakini hata wewe uliyekaa nyumbani ukapokea pesa tu huna pa kujificha. Sheria ya mwaka wa 2009 dhidi ya mapato ya uhalifu na utakatishaji wa pesa inaweza kukufunga hadi miaka 14, au faini ya hadi Sh5 milioni au zaidi. Na "sikujua" si kinga ya moja kwa moja. Sheria inauliza pia kama ulipaswa kujua. Mtu anakulipa Sh5,000 kwa kazi ya dakika mbili ambayo angeifanya mwenyewe. Hukupaswa kujiuliza?

Binamu yangu alikataa dili hiyo. Mwenzake mmoja pale hosteli alikubali. Wiki mbili baadaye akaunti yake ilifungwa, pesa zake za karo zikiwa ndani, na akaitwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Yule msee hapatikani kwa simu. Mtihani ulianza kijana akiwa bado anazunguka kati ya benki, polisi na ofisi ya chuo.

JILINDE

Benki ina kuta, kamera na sefu. Wewe una akili yako na simu yako. Fanya hivi:

Usimpe mtu akaunti, laini au kadi yako ya ATM, hata rafiki wa toka utotoni. PIN yako hakuna mfanyakazi wa benki anayeihitaji. Akiiuliza, huyo si wa benki.

Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipata usiyoijua, ripoti. Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, usingoje asubuhi. Huenda mtu amebadilisha laini yako, na hatua inayofuata ni akaunti yako.

Ukitoa pesa nyingi benki, usihesabu hadharani na usipande boda ya kwanza inayokuita jina. Kama ni ya karo au ploti, ihamishe moja kwa moja kwa akaunti ya anayelipwa. Ikiwa lazima uibebe, polisi wanaweza kukusindikiza ukiwaomba.

Pesa zikiingia kwako kutoka kwa usiyemjua, usizitume popote kwa maagizo ya simu. Piga kwa benki au kampuni ya simu, wazirudishe wao.

Juzi binamu yangu alikuja tena. Tulitazama ile series hadi mwisho, na bado ni tamu, siwezi kukudanganya. Ila mara hii, wezi walipoanza kugawana pesa, aliniangalia akauliza, "Sasa hizi zote watazipitisha kwa akaunti ya nani?"